Apolo Kivebulaya: Mtu Aliyetolewa Boga Amefungwa, Akarudi kwa Miguu Yake



Katika ukurasa huu tunamsimulia mtu ambaye wengi wetu tumesikia jina lake tangu utoto: Apolo Kivebulaya. Wengine wanalijua sababu wanasali Anglikana. Wengine wamelisikia kwa nyanya zao waliotoka upande wa Boga. Chama chetu si cha kanisa moja. Kwetu kuko Wakatoliki, Waprotestanti wa namna nyingi, Waislamu, na wale ambao hawaendi popote siku ya Mungu. Basi hatumsimulii Apolo ili kumvuta mtu kwenye kanisa fulani. Tunamsimulia sababu maisha yake yanagusa swali ambalo linatuumiza kichwa sisi waliorudi: mtoto aliyekulia katika kukimbia, anaweza kuwa mtu gani?

Kila mtu wa Kasenyi anajua hilo swali limetoka wapi. Mwanzoni mwa mwaka 2018 maelfu na maelfu ya watu walivuka Ziwa Albert kwa pirogi, kutoka Kasenyi, Tchomia na kando nyingine za ziwa, wakaingia Uganda. Wengine walipanda Bunia, wakalala chini ya mahema. Mtoto aliyevuka akiwa mgongoni mwa mama yake, leo anakwenda masomo. Na sasa tunasikia maneno sokoni na pale samaki zinaposhushwa: ya kwamba watoto wa kambi wameharibika, ya kwamba wanajua kupanga mstari wa posho lakini hawajui kushona wavu, ya kwamba hawana heshima, hawana kwao. Wazee wanasema mtoto anakua namna alivyolelewa. Ni kweli. Lakini kama ukweli wote unaishia hapo, basi sisi tumekwisha, maana vita ndiyo imelea watoto wetu kwa miaka mingi.

Maisha ya Apolo yanaonyesha kwamba ukweli hauishii hapo.

Pacha wa Buganda

Alizaliwa karibu na mwaka 1864 katika ufalme wa Buganda, wakati wa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Alikuwa pacha. Kwa Waganda, mtoto wa kiume wa kwanza katika mapacha anaitwa Waswa, na yule wa pili anaitwa Kato. Hata baba na mama wanabadilisha jina: baba anakuwa Ssalongo, mama Nnalongo. Kwa hiyo yule mtoto, kabla hajajua kusema neno moja, alikuwa tayari na jina linalomwambia yeye ni nani na anatoka wapi. Waswa Munubi, hivyo ndivyo alivyoitwa utotoni.

Wazazi wake hawakuwa watu wa ikulu. Alikua katika nyumba ya watu wa kawaida, watu wa ndizi na jembe, watu walioheshimu mizimu na miungu ya nchi yao. Nyumbani alipata vitu ambavyo vilimfuata mpaka kaburini: adabu mbele ya wakubwa, mikono isiyoogopa kazi, na mazoea ya kusikiliza. Lakini malezi ya nyumba hayakuwa peke yake. Buganda ya wakati ule ilikuwa na mambo mapya kila upande. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuleta Uislamu na bunduki. Mwaka 1877 Waanglikana wa kwanza walifika, na mwaka 1879 Wakatoliki. Kijana wa Buganda alisikia sauti nne tano kwa wakati mmoja, na kila moja ilimwambia njia yake ndiyo ya kweli.

Wanaosimulia maisha yake wanaeleza kwamba akiwa kijana alitumwa kwa mganga ili ajifunze kazi ile, akatoka pale amekata tamaa, kwa kuwa aliona udanganyifu ndani yake. Wanaeleza tena kwamba alijua bangi na pombe. Alifundishwa pia dini ya Kiislamu. Alimsikia Alexander Mackay, yule Mskoti aliyekuwa fundi na mwalimu pamoja, ambaye hakuona haya kushika nyundo mbele ya watu. Kazi ile ya mikono ilifanana na ile ambayo Waswa aliiona nyumbani kwao.

Kijana wa vita

Hapa wababa na wamama tusikilize vizuri. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga alipinduliwa, na Buganda ikaingia katika vita ambavyo vilichanganya dini na kiti cha ufalme. Vilidumu mpaka mwaka 1892. Watu walikimbia nchi, wakarudi, wakakimbia tena. Mashamba ya ndizi yaliungua. Waswa alikuwa na miaka kama 24 hivi vilipoanza, na vilimkokota kama vilivyokokota vijana wengine wote. Kwanza alipigana upande wa Waislamu, halafu akahamia upande wa Wakristo. Hakuna sababu ya kupaka rangi nzuri juu ya jambo hili. Alikuwa kijana aliyebeba silaha, aliyebadilisha upande, ambaye bado hakujua maisha yake ni ya nini.

Kama mtu wa Kasenyi angemwona ile siku, angesema nini? Angesema: huyu ameharibika. Ametoka kwa mganga, amevuta bangi, amepigana huku na huku. Mtu kama huyu, katika vijiji vyetu, hatumpi hata kutunza sanduku la likelemba.

Lakini kuko jambo moja ambalo linaonekana katika safari yake yote. Kila mara alipoona kwamba pale alipo hapamfai, aliondoka. Hakukaa sababu ya haya, wala sababu marafiki wako pale. Hakuiita njaa yake ya ndani kwa jina lingine. Huko ndiko tunakoita kujitambua: mtu kuweza kujiangalia bila kujidanganya, akasema hiki ninacho, hiki sina, hiki kinaniua polepole. Malezi ya nyumbani hayakumzuia asipotee. Lakini yalimpa kipimo, na kwa kipimo kile alijua kwamba amepotea.

Koti jekundu

Vita vilipotulia, moto mwingine uliwaka Buganda, moto wa kusoma. Wakristo wa wakati ule waliitwa wasomaji, sababu kuingia dini na kujifunza herufi vilikwenda pamoja. Watu wazima waliketi chini na watoto wakisoma silabi. Waswa naye aliketi. Mwezi wa kwanza mwaka 1895 alibatizwa, akachagua jina la Apolo, jina la yule mwalimu anayesimuliwa katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Alikuwa na miaka kama 30. Katika umri ambao wengi wetu tunasema sasa nimekwisha kuchelewa, yeye alikuwa anaanza.

Mwaka huo huo alikubali kutumwa Toro kama mwalimu, chini ya milima ya Ruwenzori. Pale ndipo lile jina la pili lilijulikana. Apolo alikuwa anavaa koti jekundu la askari pamoja na kanzu yake nyeupe. Watu walishangaa, wakamwita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Bulaya yao ndiyo Ulaya yetu. Ilikuwa kama mchezo, kama sisi tunavyomwita kijana jina la kofia yake. Yeye hakukasirika, akalibeba jina mpaka kufa. Tena ni jina la kuchekesha, sababu katika maisha yake yote yule mtu hakuwa kitu cha Ulaya hata kidogo. Alikuwa Mwafrika aliyeleta habari kwa Waafrika wengine, kwa miguu, akila chakula chao na kulala katika nyumba zao.

Boga: jembe mkononi

Sasa tunafika kwetu. Boga, ambayo zamani iliandikwa Mboga, iko kusini mwa Kasenyi, juu ya milima inayoangalia bonde la Semliki. Wakati ule chefu wake alikuwa Tabaro, mtu wa ng'ombe na wa heshima kubwa, aliyekuwa na uhusiano na mfalme Kasagama wa Toro. Waalimu wawili Waganda walikuwa wamekwisha kufika pale mbele ya Apolo. Hawakukaa. Watu hawakuwapa chakula, na njaa ikawarudisha walikotoka.

Mwishoni mwa mwaka 1896 Apolo akashuka kutoka Toro, akapita mwisho wa Ruwenzori upande wa kaskazini, akavuka Semliki, akapanda Boga. Tabaro alimpokea, lakini mafundisho yalipoanza kugusa mambo ya pombe, ya mizimu na ya kuoa wake wengi, urafiki ukapoa. Amri ikatoka ile ile: mgeni asipewe chakula. Njia ile ilikuwa imefaulu kwa wawili wa kwanza, na kila mtu alingoja ifaulu tena.

Apolo akashika jembe, akalima mwenyewe.

Sisi tunaona jambo hili kuwa dogo, lakini tuliangalie vizuri. Boga ilikuwa nchi ambamo mtu wa heshima alihesabiwa kwa ng'ombe, si kwa udongo kwenye kucha. Na mwalimu aliyetumwa na kanisa kubwa la Namirembe angeweza kufikiri kwamba kulima ni kujishusha. Apolo alikumbuka tu alikotoka. Alikuwa mtoto wa watu wa jembe. Kile alichojifunza nyumbani bila kujua kingemfaa wapi, ndicho kilimweka hai mahali ambapo elimu yake mpya haikuweza kumlisha. Wenzake waliondoka juu ya kukosa chakula. Yeye akabaki juu ya malezi.

Mkuki

Mambo hayakwisha kwa jembe. Apolo alipigwa. Wale wachache waliokuja kusoma kwake walitishwa. Halafu ikatokea ajali mbaya: dada ya chefu Tabaro aliangukia mkuki akafa. Lawama ikamwangukia Apolo, ya kwamba yeye ndiye aliyeua. Akafungwa kamba, akapelekwa ng'ambo, Toro, mbele ya wakubwa Waingereza, akatiwa kifungoni.

Tufikiri kidogo. Mtu ameacha nchi yake, amelima mwenyewe ili asimlemee mtu, na mwisho anaondolewa kijijini kama mwuaji, watu wakiangalia. Wengi wetu hapa tunajua namna inavyokuwa kuondoka kwako bila heshima, huku jirani anakutazama na hasemi neno. Ule uchungu haukai miguuni, unakaa kifuani, na unaweza kukaa miaka.

Katika siku zile ngumu za Boga, Apolo alifika karibu na kukata tamaa kabisa. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba usiku mmoja alimwona Yesu Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumwambia kwamba hayuko peke yake. Kila msomaji atalipokea jambo hili kadiri ya imani yake. Sisi tunataka kuonyesha upande mmoja tu: Apolo hakuficha kwamba alikuwa amevunjika. Alisimulia woga wake pamoja na faraja yake. Alikuwa na desturi ya kuandika siku zake katika vitabu vidogo, na aliandika pia kwa ufupi habari za maisha yake mwenyewe. Mtu anayeandika siku zake, kila jioni anakutana na nafsi yake. Hawezi kuikimbia kwa muda mrefu.

Kurudi

Mashitaka hayakusimama, wakubwa wa Toro wakamwachilia. Sasa alikuwa mtu huru, ng'ambo ya Semliki, mbali na Tabaro. Hakuna ambaye angemlaumu kama angekaa Toro. Kazi ilikuwepo, chakula kilikuwepo, marafiki walikuwepo.

Akarudi Boga.

Hapa, wandugu, ndipo tunaona Apolo ni mmoja wetu. Kurudi si kufungua mlango tu. Unarudi mahali ambapo watu wamekwisha kukupa jina baya. Unarudi kukaa jirani na mtu aliyekufunga kamba. Anayerudi bila kujua anarudia nini, atarudi na kisasi, au atarudi kuomba huruma kila siku. Apolo hakuleta moja wala nyingine. Alirudia kazi ile ile, kwa sauti ile ile, na shamba lile lile.

Na kile ambacho mtu hakungoja kikatokea. Tabaro aliona kwamba yule mtu aliyemtendea vibaya amerudi bila kumdai kitu. Chefu akaanza kusikiliza, akaanza kusoma, mwisho akabatizwa na kuitwa Paulo. Tunazoea kusema kwamba kijana ndiye anayeweza kubadilika, mtu mzima amekwisha kukauka. Tabaro alikuwa mtu mzima, tena mwenye amri, tena mwenye kosa. Hata vile alibadilika, na hilo lilimhitaji ujasiri kuliko ule wa Apolo, sababu alijitazama mbele ya watu wake mwenyewe.

Mpaka ukahama

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka mingi kanisa lilimpa kazi upande wa Toro, na mara kwa mara alikuja kuangalia watu wake wa Boga. Halafu wazungu wakapatana kati yao. Kwa mapatano ya mwaka 1910 kati ya Waingereza na Wabeligiji, mpaka ukapita kwenye Semliki na katikati ya ziwa letu. Boga, iliyokuwa inatazama Toro, ikajikuta Congo ya Wabeligiji. Watu hawakusogea hata hatua moja, lakini waliamka katika nchi nyingine.

Karibu na mwaka 1915 Apolo alirudi tena Boga, na safari hii ilikuwa ya kukaa. Alikuwa na miaka kama 50. Kazi ya Boga iliongozwa na Waafrika wenyewe, na yeye mbele yao. Hakuwa na mke wala watoto wa kuzaa katika miaka ile ya kazi. Lakini nyumba yake ilijaa vijana. Walikula kwake, walijifunza kusoma kwake, walilima naye, halafu aliwatuma kufundisha vijiji vingine. Alivyolelewa kwa jembe, akalea kwa jembe. Hakuwafanya wawe nakala yake. Aliwapa kazi mapema, kabla hawajakamilika, akawaacha wajue nguvu yao iko wapi.

Pori

Mwaka 1921, akikaribia miaka 60, Apolo alianza kazi ambayo watu wa mbali wanamkumbuka nayo zaidi. Aliingia pori la Ituri, upande wa magharibi, kwa Wambuti. Ni lazima tuseme wazi namna watu wa vijiji walivyowaona Wambuti, na namna wengi wanavyowaona hata leo: watu wa kuwinda tu, watu wa kubadilishana nyama kwa ndizi, watu wasioweza kujifunza. Apolo alikwenda kukaa nao katika nyumba zao za majani. Alifundisha kusoma kule kule pori, akahangaika kutafsiri Injili ya Marko katika lugha inayosikika kwao.

Juu ya nini mtu wa umri ule, aliyepewa mwaka 1922 cheo cha kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, aende kulala chini ya majani? Tukiangalia safari yake, jibu haliko mbali. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtu ambaye hakuna aliyetegemea kitu kwake. Aliyejua alikotoka hakuweza kuamini kwamba kuko kabila au mtoto ambaye ndani yake ni tupu.

Kichwa kuelekea magharibi

Mwaka 1933, akiwa mgonjwa na akijua siku zake zimekaribia, alitaka awe Boga. Alifia pale tarehe 30 mwezi wa tano mwaka 1933. Desturi ilitaka maiti ilazwe kuelekea mashariki. Apolo aliagiza kinyume: kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa pori, kule ambako kazi ilikuwa haijakwisha. Hakuagiza alazwe kutazama Buganda alikozaliwa. Mtu aliyejua vizuri alikotoka hakuwa na haja ya kuangalia nyuma.

Kanisa Anglikana la Congo lote lilianzia pale Boga, na mwaka 1972 Boga ikawa dayosisi yake ya kwanza. Na vita vyetu havikuiheshimu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 mwezi wa tano mwaka 2021, watu zaidi ya 50 waliuawa Boga na Tchabi, na wengi wakakimbia. Ilikuwa siku moja tu baada ya ukumbusho wa kifo cha Apolo. Kwa hiyo tusifikiri tunasimulia habari za mahali penye amani. Boga nayo ina waliokimbia, na ina waliorudi.

Sisi tunachukua nini

Hatutaki kufanya maisha ya mtu kuwa dawa ya kila ugonjwa. Lakini mambo machache tunaweza kuyabeba mpaka nyumbani.

La kwanza ni kuhusu kile ambacho watoto wetu wamerudi nacho. Tunahesabu walichopoteza na hatuhesabu walichopata. Mtoto aliyesoma Uganda amerudi na Kiingereza, mara nyingi na Runyoro pia. Hapa masomo ni kwa Kifaransa. Basi tunamrudisha madarasa mawili nyuma, tunamketisha na wadogo zake, na yeye anaanza kuamini kwamba ni mjinga. Si mjinga. Ana lugha tatu na anakosa ya nne. Kuko tofauti kubwa kati ya kumwambia mtoto hujui kitu, na kumwambia unajua hivi na hivi, sasa tuongeze Kifaransa. Apolo alikaa na silabi akiwa mtu mzima, hakuna aliyemwambia amechelewa.

La pili ni kuhusu nyumba. Kujitambua hakufundishwi kwa semina peke yake. Kunaanza jioni, mzazi anapomwuliza mtoto mambo matatu na kunyamaza asikie: leo umefanya nini vizuri, umeogopa nini, unataka kujua nini. Wengi wetu tumechoka. Baba ametoka ziwani usiku, mama ametoka kuuza makayabu. Hata vile dakika hizo chache hazigharimu pesa. Mtoto ambaye hajawahi kuulizwa anaogopa nini, atakuja kujibu kwa ngumi.

La tatu ni kuhusu kazi za mikono. Tusiwafundishe watoto wetu kwamba jembe na wavu ni adhabu ya wale walioshindwa masomo. Shule na jembe vilikaa katika mtu mmoja, na jembe ndilo lililookoa shule. Kijana anayejua kushona wavu na kusoma barua, hata akikimbizwa tena, Mungu aepushe, hataondoka mikono mitupu.

La nne ni gumu, na linatuhusu sisi wakubwa. Tunasema sana juu ya vijana kubadilika. Tabaro alikuwa chefu. Katika mji huu kuko wazee ambao wamewapa watoto wa jirani majina mabaya wakati wa vita, na bado wanayatumia. Kama tunataka kijana ajitazame, aone kwanza mzee anayejitazama.

Tunapendekeza basi, katika mikutano yetu inayokuja, tuzungumze juu ya mambo mawili: masaa ya jioni ya Kifaransa kwa watoto waliosoma ng'ambo, yakifundishwa na wanachama wenyewe wanaojua, na vijana kukaa pamoja na mafundi wa nyavu, wa pirogi na wa kushona nguo. Kila mwanachama ajiulize anaweza kutoa nini, hata kama ni benchi moja au taa.

Kwenu wafadhili, aksanti kwa kila kitu kilichotufikia. Mahema, unga na nyavu vilituokoa, hatutasahau. Tunaomba mfahamu pia kwamba kuna kazi ambayo haionekani kwenye picha. Mtu hajengwi kwa msimu mmoja. Kati ya kijana aliyebeba silaha mwaka 1888 na mwalimu aliyeingia pori mwaka 1921 kulikuwa na miaka 33. Mkitusaidia kulipa mwalimu kwa miaka mitatu mfululizo, mtakuwa mmefanya zaidi ya mkileta vitu vingi kwa mwezi mmoja. Watoto hawa hatujawapoteza. Bado wanakua, na sisi bado tunawalea.

Wandugu, tubaki na amani, na anayerudi kesho akute tumemwachia nafasi.